Koneksheni mnayoitafuta iko kwenye fildi

Kila mwaka fasti yia wakishamaliza foleni za usajili, ushauri uleule unafufuka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Chuo si GPA, chuo ni koneksheni." Yaani wastani wa alama si kitu, kujuana na watu ndiko kila kitu. Safari hii umekuja na picha ya kijana ndani ya suti, mkono mmoja mfukoni, kaegemea gari ambalo kwa namna anavyoliegemea ni la mtu. Na anayeusambaza ukimuuliza koneksheni zake ni zipi, anakuonyesha picha aliyopiga na mheshimiwa baada ya kongamano pale ukumbi wa Nkrumah. Mheshimiwa hamjui. Hata mpiga picha hamjui.

Haya, tuzungumze koneksheni basi.

Mtoto wa mkulima kutoka Kilolo, asiye na mjomba wizarani, ana nafasi moja tu ya uhakika ya kujulikana na watu wa kazini kabla hajavaa joho, nayo ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Wiki nane. Ukitoa Jumamosi na Jumapili ni siku 40, na kwa kozi zinazokwenda mara mbili ni siku 80 ambazo mtu mwenye ajira na muhuri anakutazama ukifanya kazi. Mnazifanyia nini? Mnaripoti Jumatatu, mnapotea Jumatano, mnarudi wiki ya saba na logibuku, daftari la kazi za kila siku, likiwa tupu mkitafuta wa kusaini. Logibuku ya namna hiyo inajulikana ikiwa bado mbali: kalamu moja na mwandiko mmoja wa haraka kuanzia siku ya kwanza hadi ya 40, na Nane Nane imeandikwa "nilisaidia kazi za ofisi". Ofisi ilikuwa imefungwa, mheshimiwa.

Mambo yanaharibika mapema kuliko hapo. Fildi ni Julai hadi Septemba, ninyi mnaanza kutafuta nafasi Juni, mitihani ya mwisho wa semista (UE) ikiwa shingoni. Ofisi zenye mpangilio zinakuwa zimeshajaza. Barua ya kuomba fildi serikalini haiendi kwa mtu, inaenda kwa cheo: Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, Katibu Tawala wa mkoa, Mtendaji Mkuu wa wakala. Inapokelewa masjala, inaingizwa kwenye jalada, inapanda kwa mkurugenzi, inashuka kwa afisa utumishi, inakwenda kwa mkuu wa idara kuulizwa kama ana nafasi, halafu inarudi njia ileile. Meza moja tu ikiwa na mtu aliye safari, barua inalala hapo wiki nzima. Kwa hiyo Februari au Machi chukua barua ya utambulisho kwa mratibu wa fildi wa idara yenu, ambatanisha na yako ya ukurasa mmoja inayosema unataka kitengo gani, tarehe gani hadi tarehe gani, na unaweza kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo huwa halipo. "Naomba nafasi katika ofisi yako tukufu" haimsaidii mkuu wa idara kujua akuweke meza ipi. (Utukufu wa ofisi za halmashauri mmeutoa wapi, sijui.) Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Mwamkie mama wa masjala, uliza kwa adabu namba ya kumbukumbu, iandike. Baada ya wiki mbili unapiga simu ukitaja namba hiyo. "Mimi ni yule mwanafunzi" wapo arobaini.

Kuhusu mahali pa kwenda: wote mnakimbilia makao makuu yenye jengo la vioo Posta. Mnakuta wanafunzi kumi na tano, viti sita, mnapokezana kukaa. Halmashauri ya mbali yenye wahasibu wachache na mafaili yaliyojaa hadi dirishani ndiko kazi itakakokugusa. Nauli na chumba vinauma, sikatai, na hela ya fildi ina tabia ya kuingia wakati mama ntilie ameshaanza kukuandika kwenye daftari la madeni. Ndiyo maana boom, hela ya kujikimu ya mkopo, la semista ya pili ni la kumegwa mapema, kabla halijaishia kwenye viatu. Na kama una shangazi Njombe, shangazi huyo ndiye koneksheni. Nenda kalale kwake.

Umefika. Wiki ya kwanza utatumwa chai, utatumwa vitumbua, utatoa kopi, utapanga mafaili. Usinune. Nenda urudi haraka, na ukiwa unapanga mafaili soma unachokipanga. Siku ya tatu au ya nne mwendee msimamizi wako asubuhi, kabla simu hazijaanza, umwombe kazi moja yenye mwanzo na mwisho. Usimwambie "naomba kujifunza". Hana muda wa kukufundisha, ana hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, za kujibu. Mwombe kazi ambayo imelala mezani kwake na inamsumbua.

Nichukue uhasibu, maana huko ndiko malalamiko ni mengi. "Hawakutupa neno la siri la MUSE, kwa hiyo hatukufanya kitu." Hawawezi kukupa. Neno la siri la mfumo wa malipo ya Serikali ni la mtu mmoja, likitumika vibaya anajibu yeye, na mhasibu atakayekupa lake mkimbie. Lakini usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki, hauhitaji neno la siri. Omba taarifa ya benki ya mwezi mmoja iliyochapwa, pamoja na daftari la fedha la mwezi huohuo. Kalamu nyekundu na rula. Anza na salio la mwanzo pande zote mbili. Kama halilingani na tofauti haielezwi na usuluhishi wa mwezi uliopita, simama hapo, rudi mwezi wa nyuma, vinginevyo utahangaika siku tatu na kosa ambalo si la mwezi wako. Kisha kila mstari ambao tarehe, kiasi na namba ya hati vinaoana, weka alama huku na huku. Itakayobaki bila alama ni mistari ya aina chache: malipo yaliyoandikwa kwenye daftari lakini benki haijayatoa, makato ya benki ambayo hakuna aliyeyaandika, fedha zilizoingia bila kujulikana zimetoka kwa nani, na tarakimu zilizogeuzwa, 54,000 ikaandikwa 45,000. Hili la kugeuza tarakimu lina dalili yake: tofauti inagawanyika kwa tisa bila kubaki. Mhasibu akikuona unagawanya kwa tisa bila kuambiwa, jina lako ameshalishika.

Jioni hiyohiyo unaandika logibuku. "Nimejifunza usuluhishi wa benki" ni sentensi ya mtu ambaye hakuwepo. Andika: "Nimelinganisha daftari la fedha la Mei na taarifa ya benki. Mistari 212, iliyooana 203. Kati ya tisa iliyobaki, minne ni makato ya benki, mitatu ni malipo ambayo bado hayajatoka benki, miwili nimempa mhasibu aifuatilie." Msimamizi asaini kila Ijumaa, akiwa bado anakumbuka. Kozi nyingine nazo zina kazi zake za namna hii. Wa sosholojia aulize ustawi wa jamii kama kuna madodoso yaliyolala kabatini yanayosubiri kuingizwa kwenye Excel; yapo, huwa yapo. Wa sheria atengeneze orodha ya mashauri yote ya ofisi, namba, wadaawa, tarehe ya kutajwa. Wa ujenzi ashike futi apime kalavati, alinganishe na kiasi anachodai mkandarasi kabla hati ya malipo haijasainiwa. Na jamani, msipige picha nyaraka za watu mkaziweka status. Kuna ofisi zimefunga mlango wa fildi kwa sababu ya kijana mmoja na simu yake.

Sasa koneksheni yenyewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka wadhamini watatu wenye mawasiliano ya uhakika. Kijana anaandika jina la mhadhiri aliyemfundisha akiwa mmoja kati ya watu 400, hajawahi kugonga mlango wake hata saa zile za mashauriano zilizobandikwa mlangoni. Mhadhiri akipigiwa simu anauliza, "Nani?" Hapo umeshakwisha, na hutajua kamwe kwa nini. Msimamizi uliyemsafishia hesabu za mwezi wa Mei hawezi kuuliza hivyo. Kwa hiyo kabla hujaondoka fanya haya: omba barua yenye nembo ya ofisi inayotaja tarehe, kitengo na kazi ulizozifanya kwa majina, maana ile ya "alikuwa nasi na tabia yake ni njema" anapewa kila mtu. Omba ruhusa ya kumtaja kama mdhamini. Omba namba yake binafsi, kwa sababu watumishi wanahamishwa na simu ya ofisi itapokewa na mgeni. Ripoti ikishafungwa, nakala moja irudi pale ofisini na barua ya shukrani. Halafu mara mbili kwa mwaka ujumbe mfupi: "Shikamoo mzee, ni fulani wa fildi mwaka jana, nimeingia mwaka wa tatu, naendelea vizuri." Basi. Usiombe hela ya vocha.

Ukifanya hivyo, hata utafiti wa mwaka wa tatu unakuwa umeshajipata. Unarudi pale pale, wanakujua, kibali kinatoka, data ipo. Wenzako watakuwa wanarusha dodoso kwenye grupu la darasa, "guys naombeni mnijazie", wakitathmini kwa mara nyingine mchango wa kitu fulani katika Manispaa ya Kinondoni. Kinondoni imetathminiwa hadi imechoka.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya uvivu wa wanafunzi. Mhadhiri mmoja anapewa wanafunzi lukuki waliotapakaa mikoani, anakaa na kila mmoja dakika kumi, wengine anawamaliza kwa simu, halafu alama zinatolewa kwa logibuku ambazo hakuna aliyezifungua zaidi ya ukurasa wa sahihi. Mwanafunzi anaona. Anajua hakuna anayesoma, kwa nini aandike?

GPA. Haya, naigusa, japo mtu wa magrupu atanuna. Si kila kitu, nakubali, na yapo mashirika yasiyoiangalia kabisa. Lakini wanaosema tutarekebisha mwaka wa tatu hawajawahi kupiga hesabu. Chukua kozi ya miaka mitatu, kila mwaka uniti sawa. Mwaka wa kwanza ukipata 2.8, ili umalize na 3.5, yaani uingie daraja la pili la juu, miaka miwili iliyobaki lazima uwe na wastani wa 3.85. Ukitaka 3.8, ambayo ndiyo matangazo mengi ya ukufunzi msaidizi wa vyuo vikuu yanaanzia, unahitaji 4.3 mfululizo. Na somo la sapu, yaani mtihani wa kurudia, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haliendi juu ya C hata ujibu kama profesa. Madesa, yaani notsi, ya semista ya kwanza ndiyo yanayotakiwa kusomwa kuliko yote, na ndiyo yanayosomwa kidogo kuliko yote.

La mwisho ni dogo na linaangusha watu kila mwaka: majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, NIDA wameandika Mohamedi penye Mohamed. Chuo kitakutolea cheti kwa jina ulilosajiliwa nalo, na kwenye Ajira Portal yatakiwa yaoane. Yasipooana utahitaji hati ya kuthibitisha majina kwa wakili, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, huku dirisha la tangazo likiwa mara nyingi siku 14 tu. Vitandaze vyeti vyote kitandani leo, herufi kwa herufi. Kama kuna kasoro, anza kuifuatilia ungali mwaka wa kwanza.