Kukua kwa Epic na fishi za hospitali za Goma

Hospitali za Goma zikizungumzia kuacha fishi za karatasi, Epic, kampuni ya Marekani inayotengeneza programu za rekodi za wagonjwa, hutajwa kama mfano. Inastahili. Judy Faulkner aliianzisha Wisconsin mwaka 1979, na hadi leo hisa zake haziuzwi sokoni. Badala ya kununua kampuni nyingine na kuungaunga programu zao, iliandika zake yenyewe juu ya hifadhidata moja: dawa anayoandika daktari huonekana palepale famasi na kwa anayelipisha. Sheria ya Marekani ya 2009, iliyowalipa waganga na hospitali kutumia rekodi za kielektroniki, ikaipa soko kubwa zaidi.

Lakini hospitali ikishaingia, kutoka ni gharama kubwa, na madaktari wengi wanalalamikia saa wanazomaliza mbele ya skrini. Bei yenyewe tusiijadili. Si ya kwetu. OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa iliyoanza 2004 na kutumika Kenya na Rwanda, haina ada ya leseni, ila inadai fundi wa kudumu, na fundi hulipwa kila mwezi.

Kwa maoni yetu, cha kuiga kwa Epic ni faili moja kwa mgonjwa mmoja, na hapo ndipo Goma inapokwama. Mkongomani ana majina matatu. Leo mapokezi wanaandika Kahindo Furaha, kesho Furaha Kayindo, tayari faili ni mbili: aleji ya penisilini imebaki kwenye moja, sindano inaandikwa kwenye nyingine. Kabla ya kufungua faili mpya, tafuta kwa jina lolote kati ya matatu, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama na simu. Namba ya faili ichapwe kwenye kadi ya mgonjwa. Mtu mmoja apewe kazi ya kuunganisha faili pacha kila wiki.

Umeme nao una hesabu yake. Seva ndogo ya wati 40 na laptopu nne za wati 40 ni wati 200. Betri ya volti 12 na saa-ampea (Ah) 200 ina saa-wati 2400, lakini ile ya asidi usiishushe chini ya nusu: utapata kama saa tano, inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikishachukua sehemu yake.

Mkataba usisainiwe kabla muuzaji hajatoa nakala nzima ya data, na fundi wenu akaifungua kwenye mashine nyingine, bila programu ya muuzaji.