Ukimtafutia mwenye kitimwendo chumba, anza na choo

Mwaka jana mimi na mdogo wangu tulizunguka wiki tatu tukimtafutia chumba cha kupanga Dar es Salaam. Anatumia kitimwendo, ni fundi simu, na kodi analipa mwenyewe. Dalali wa kwanza alinihakikishia kwenye simu: "Nyumba iko chini kabisa, dada, hakuna ghorofa." Tulipofika tukakuta ngazi tatu barazani. Na hakuwa amedanganya, ghorofa kweli haikuwepo. Elfu kumi ya kuonyeshwa nyumba ikawa imekwenda hivyo. Toka siku ile nikawa natembea na futi ya fundi kwenye mkoba.

Kosa letu lilikuwa kuangalia chumba kwanza. Chumba kinavumilika. Kitanda unakisogeza, kabati unaliacha kwa mama. Choo hakisogei. Kwenye nyumba nyingi za bei ya chini choo kiko uani, wapangaji wote wanachangia, ni cha kuchuchumaa, na mlango wake ni wa bati uliokatwa kwa kukadiria macho. Mmoja niliupima: sentimita 58. Kiti cha mdogo wangu, kutoka ukingo hadi ukingo, ni 64. Mbele ya mlango kuna kizingiti cha saruji cha kuzuia maji ya mvua, ndani hakuna hata pa kushika. Sasa hapo chumba kiwe na vigae na dari ya jipsamu, vitakufaa nini?

Kwa hiyo ukifika, kabla dalali hajachomoa funguo, mwambie akupeleke chooni. Mlango usipungue sentimita 80. Ndani, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu inatosha kugeuza kiti bila kugombana na ukuta. Utaikosa, najua. Basi angalia kama kuna upande unaoweza kubomolewa.

Kuhusu ngazi, kila mtu atakwambia "mtaweka mteremko tu". Piga hesabu. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za urefu. Ngazi zetu tatu zilikuwa za sentimita 15 kila moja, jumla 45, kwa hiyo mteremko wa mita 5.4. Pale ungeishia kwenye jiko la jirani. Fundi mmoja akajitolea kutujengea wa mita mbili "ili usile nafasi". Huo ni wa kupandishia pikipiki.

Halafu kuna huu urahisi wa bei. Tulipata chumba cha 60,000 ndani ndani huko, njia ya mchanga mtupu, na mchangani magurudumu madogo ya mbele yanazama kama miguu ya kuku kwenye tope. Bajaji hadi barabara kubwa ni 2,000 kwenda, 2,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni 104,000 kwa mwezi, kodi bado. Cha 90,000 karibu na kituo cha mwendokasi ndicho kilikuwa rahisi, maana sakafu ya kituo imejengwa ilingane na ya basi. Kugombania basi asubuhi ni habari nyingine.

Hayo ni ya mdogo wangu. Rafiki yangu asiyeona hajali ngazi hata kidogo. Anachouliza yeye ni kama mtaro wa njiani una mfuniko.

Kilichonichosha kuliko vipimo vyote ni maneno. Mama mmoja mwenye nyumba alimwangalia mdogo wangu, akanigeukia mimi: "Na mgonjwa atakaa na nani?" Mdogo wangu akageuka nyuma. "Mgonjwa yupi, mama? Tumekuja wawili." Chumba tulikikosa, ila njia nzima tulicheka.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 19 ya mkataba inampa mtu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Sawa. Ila uswahilini chumba ni makubaliano ya mdomo kati ya fundi na mwenye nyumba, na sijamwona bado mtu aliyekuja pale na mkataba mkononi kupima kizingiti.

Mwisho tulipata. Choo cha ndani, mlango mwembamba, ngazi moja. Kabla ya kutoa kodi ya miezi sita nilisisitiza mdogo wangu aingie na kiti chake mpaka mlangoni pa choo, kwa sababu pesa ya kodi ikishatoka hairudi. Mwenye nyumba akaturuhusu kupanua mlango, kuweka sinki la kukalia na vyuma vya kushikia, kwa gharama zetu. Tukaandikishana ofisi ya serikali ya mtaa kwamba hatutadaiwa kurudisha mlango wa zamani siku ya kuhama. Nilijiona mjanja.

Ambalo hatukuliandika ni kodi. Wiki iliyopita mwenye nyumba kamtumia mdogo wangu ujumbe: miezi sita ijayo inapanda, kwa kuwa choo sasa ni cha kisasa.