Mlango Usiouliza Jina la Mtoto

Simu iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mlezi wa mwanangu anaumwa, hawezi kuja. Mume wangu alikuwa safarini, mimi nilikuwa na kikao nilichokwisha kukiahirisha mara mbili, na binti yetu wa miezi 14 alikuwa amekaa sakafuni anavua soksi. Nikakumbuka kituo cha kulelea watoto ninachokipita kila siku, chenye bango linalosema wanapokea mtoto hata kwa siku moja, bila miadi. Nikampeleka.

Walimpokea kwa dakika tatu. Mhudumu alichukua begi, akachukua pesa, akamchukua mtoto. Nimeshafika barabarani ndipo nikashtuka: hakuuliza mtoto anaitwa nani. Hakuuliza kama kuna kitu kinachomdhuru akila, analala saa ngapi, wala ni nani mwingine anayeruhusiwa kuja kumchukua. Nikarudi mbio. Binti yangu alikuwa amesimama kashikilia ukuta, analia mpaka anakosa pumzi, na mhudumu yuleyule ana watoto wengine wanane wa kuwaangalia peke yake.

"Usiwe na wasiwasi mama, atazoea."

Atazoea lini, na siku yenyewe ni moja?

Neno hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Hofu ya kutengana na mzazi huanza mtoto akikaribia miezi minane, na kwa wengi huwa kali kati ya miezi 10 na 18. Binti yangu alikuwa katikati kabisa ya kipindi hicho. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alipokuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga, aliona jambo ambalo bibi yeyote mwenye wajukuu analijua: mtoto huthubutu kusogea mbali na kuchezea vitu kwa sababu anajua mama yuko pale, na akitishika ana pa kurudi. Mwondoe mama, mchezo nao unaisha, isipokuwa kama chumbani kuna mtu mwingine ambaye mtoto ameshamwamini. Na imani hiyo hailetwi na bango.

Kuna vituo vinavyolijua hili vizuri. Ule utaratibu wa kuwazoeza watoto uliotokea Berlin unataka mzazi akae chumbani pamoja na mtoto siku tatu za mwanzo, bila hata kujaribu kuondoka. Siku ya nne ndipo anatoka kidogo, isizidi nusu saa, na majibu ya mtoto ndiyo yanayoamua kitakachofuata. Hayo anafanyiwa mtoto atakayekuja kila siku kwa miaka. Sasa huyu wa siku moja, anayeletwa na mzazi mwenye haraka, asubuhi ambayo nyumba nzima imeshavurugika, tunamwachaje mlangoni kama mzigo wa kuhifadhiwa?

Ndiyo maana nasema kituo cha dharura huchaguliwa kabla ya dharura. Nenda wakati huna shida. Mpeleke mtoto asubuhi mbili tatu, kaa naye, mwache amjue mlezi mmoja kwa uso na kwa sauti. Jaza fomu zote: dawa, mzio, daktari, watu wa kumchukua. Na kama unatafuta kituo cha kila siku, tafuta kile chenye nafasi za dharura pia, hata kama sasa unahitaji siku tatu tu kwa wiki. Siku ya nne ikikushika ghafla, mtoto atakwenda chumba kilekile na kwa mikono ileile.

Ila uliza swali hili bila aibu: nafasi ya mtoto wa ghafla inatoka wapi? Vingine huacha nafasi chache wazi makusudi, na gharama yake utaiona kwenye ada. Ni halali yao. Vingine hutumia nafasi za watoto ambao siku hiyo hawakuja. Hilo nalo linafaa, mradi ujue kwamba wote wakifika hutapata nafasi. Na vipo vinavyoongeza mtoto juu ya idadi na kumwambia mhudumu ajitahidi. Uingereza kanuni inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Nilipomkuta yule mhudumu na watoto tisa, pamoja na wangu, sikuhitaji kanuni ya nchi yoyote kuelewa. Mtoto mgeni ndiye anayelia zaidi na ndiye anayebebwa, kwa hiyo wale wa kila siku wanapungukiwa mlezi kwa sababu yangu mimi.

Kuhusu usalama sina mengi: mtoto mchanga alazwe chali, lango lifungwe, asitolewe kwa mtu asiye kwenye orodha. Na mtoto mgonjwa asipelekwe popote. Homa inataka mzazi, na hapo wa kubanwa ni waajiri. Sweden mzazi anaweza kulipwa akibaki nyumbani na mtoto anayeumwa, hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mlango ule uliniokoa. Nilifika kwenye kikao. Yupo mzazi ambaye akikosa kazi siku moja hana kazi tena, na huyo siwezi kumwambia angejiandaa wiki tatu kabla. Hasira yangu ni kwa wanaoijua shida yake na bado hawataki kutumia dakika kumi kuuliza jina la mtoto wake.

Kituo tunachokitumia sasa kilinikatalia nilipopiga simu mara ya kwanza. Mkuu wake aliniambia hawapokei mtoto wasiyemjua, nimlete kwanza asubuhi tatu. Nilikata simu nimekasirika. Jioni nikampigia tena, nikamwomba radhi, na Jumatatu tukaanza. Siku hizi binti yangu anakwenda pale nusu siku kila baada ya wiki mbili, hata kama hakuna dharura yoyote, ili asiwasahau. Nalipia siku hizo kwa moyo mweupe.

Mwezi uliopita simu ya alfajiri iliingia tena. Alilia mlangoni, lakini alikuwa ameshamnyooshea mlezi mikono. Kesho napita kurekebisha fomu yake, maana sasa analala mara moja tu mchana na wao bado wameandika mbili.