Magodoro sawa, na mhudumu je?

Habari inasema makazi ya wazee hapa Tabora yamepata magodoro na sabuni. Asanteni wahisani. Ila mzee asiyeweza kujigeuza atatoka vidonda hata juu ya godoro jipya, asipopatikana wa kumgeuza kila baada ya saa chache, usiku pia. Hilo halipigwi picha! Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, lakini mhudumu mmoja akiachiwa wazee wote hao, hata kuwakata kucha atashindwa. Halafu ugali na maharage kila siku kwa mtu asiye na meno? Wapikieni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ilainike, na karanga za kutwanga. Na mnaoleta misaada, kaeni kidogo mpige nao soga, Kinyamwezi kama mnakijua.