"Na anyamaze" mara tatu katika sura moja

Swali la wanawake kuhubiri likizuka, aya mbili hutangulia kutajwa: 1 Wakorintho 14:34 na 35, ambazo Paulo anaagiza wanawake wanyamaze katika kanisa. Husomwa peke yake, na mjadala hufungwa hapo. Naamini kwa dhati kwamba aya hizo hazimfungi mwanamke mdomo kanisani, na ushahidi wa kwanza umo ndani ya waraka huohuo.

Anzia sura ya 11. Katika aya ya 5 Paulo anazungumzia kichwa cha mwanamke "asalipo, au anapohutubu". Anachogombea ni kufunika kichwa, si sauti. Na kuhutubu huko si kunong'ona faraghani: 14:3 inasema anayehutubu husema na watu, akiwajenga na kuwafariji. Kama Paulo amewawekea wanawake utaratibu wa kuhutubu, basi kunyamaza anakokuagiza baadaye kuna mpaka wake.

Mpaka huo unaonekana ukifuata kitenzi. Neno la Kigiriki sigao, kunyamaza, limo mara tatu katika sura ya 14. Aya ya 28: anenaye kwa lugha anyamaze kama hakuna wa kufasiri. Aya ya 30: anayehutubu anyamaze mwenzake akifunuliwa neno. Hakuna mchungaji anayehitimisha kwamba hao wawili wamezibwa midomo maisha yao yote. Sote tunaelewa ni kunyamaza kwa wakati wake na kwa sababu yake. Wanawake ni wa tatu, na sababu yao imeandikwa katika aya ya 35: wakitaka kujifunza neno, wakaulize nyumbani. Kwa usomaji wangu, kinachozuiwa ni maswali yanayokatiza ibada. Kwa nini basi amri mbili zipewe mpaka, ya tatu iwe ya milele?

(Wapo wanaosema aya hizi ziliongezwa baadaye, kwa kuwa nakala chache za kale zilizoandikwa kwa mkono, kama Codex Claromontanus, zinaziweka baada ya aya ya 40. Siitegemei hoja hiyo. Hakuna nakala ya Kigiriki inayojulikana iliyoziacha, na Papirasi 46, ya takriban mwaka 200, inazo mahali pake.)

1 Timotheo 2:12, ambapo Paulo hampi mwanamke ruhusa ya kufundisha wala kumtawala mwanamume, ni nzito zaidi, wala haifai kuipita juujuu. Kitenzi kilichotafsiriwa "kumtawala", authentein, hakipo mahali pengine popote katika Agano Jipya, kwa hiyo maana yake haiwezi kupimwa kwa aya nyingine. Lakini angalia mji. Timotheo alikuwa Efeso (1:3). Ni Efeso hiyohiyo ambako Prisila na mumewe Akila walimchukua Apolo, mwanamume hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Hawakukemewa.

Hoja yenye nguvu ya upande wa pili ni kwamba mara baada ya aya hiyo ya Timotheo Paulo anarejea kwa Adamu na Hawa, kwa hiyo amri ni ya nyakati zote. Ni hoja ya kuheshimiwa. Ila katika 1 Wakorintho 11:8-9 Paulo anatumia uumbaji uleule kutetea kufunika kichwa, na makanisa mengi yanayowanyima wanawake mimbari hayawalazimishi kufunika vichwa. Anayeshika kanuni hiyo aishike kotekote.

Tafsiri nayo ina mchango wake. Katika Warumi 16:1, Biblia ya Union inamwita Fibi "mhudumu" wa kanisa la Kenkrea. Neno la Kigiriki ni diakonos, lilelile ambalo katika Wafilipi 1:1 limekuwa "mashemasi". Ni kweli "mhudumu" hutumika pia kwa Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 3:5, wala si tafsiri ya uongo. Lakini Fibi anatajwa pamoja na kanisa lake mahususi, jambo linalonusa cheo, na msomaji wa Kiswahili hawezi kuligundua bila kuambiwa. Andika "shemasi" kwa penseli pembeni ya aya hiyo.

Nje ya Biblia pia kuna dalili ya wanawake wenye cheo kama hicho. Takriban mwaka 112, liwali Mrumi Plinio Mdogo alimwandikia Kaisari Traiano kuhusu Wakristo wa eneo lake. Ili apate ukweli, aliwatesa watumwa wawili wanawake miongoni mwa Wakristo hao. Anasema waliitwa ministrae, neno la Kilatini linalolingana na diakonos.