Mashine ya minofu na mgongo wazi wa Obunga

Kila unapozuka mjadala wa uchumi wa ziwa hapa Kisumu, hoja moja haikosi: sisi bado tunapasua mbuta, yaani sangara, kwa kisu, na Ulaya kazi hiyo ilishakabidhiwa mashine zamani. Wanaoitoa wana uchungu wa kweli. Wameona viwanda vya minofu vikifungwa kando ya ziwa, wameona vijana wakirudi nyumbani mikono mitupu, na wanaamini mashine ingeturejesha sokoni. Anayewapinga huambiwa anatetea vibarua wachache, au anaogopa mambo mapya. Nadhani hapo upande wa pili haujasikilizwa, kwa sababu jambo lenyewe linaanzia baada ya mnofu kutoka. Linaanzia kwenye mfupa.

Mashine ina haki yake, na niitaje. Chumba cha kukatia minofu ni baridi, sakafu imelowa kutwa, na mkataji husimama kwenye meza ya chuma akirudia mkato uleule mpaka bega linakufa ganzi. Vidole hukatika. Wengi ni vibarua: samaki asipokuja, hakuna malipo. Mashine nayo haichoki. Visu vyake vya duara hupita pande zote mbili za uti wa mgongo vikiongozwa na mfupa wenyewe, na zile za kisasa hutumia eksirei kuona miiba midogo kabla ya kukata. Mikono inayomgusa samaki hupungua, na usafi unakuwa rahisi kusimamia.

Hoja ya usafi ina uzito hapa kwetu. Kati ya 1997 na 1999 masoko ya Ulaya yalifungiwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja: kwa salmonela, kwa hofu ya kipindupindu, kisha kwa hofu ya sumu za kuvulia. Nani amesahau hali ilivyokuwa? Lakini tukumbuke pia kilichofungua mlango. Vilikuwa ukaguzi wa serikali, maabara, maji safi, barafu, na fuo zilizotengenezwa sehemu za kupokelea samaki. Meza za kukatia ziliendelea kutumia visu, na Ulaya ikanunua.

Halafu kuna samaki mwenyewe. Kampuni kama Baader ya Lübeck, Ujerumani, iliyoanza 1919, ilikulia kwenye heringi na samaki wengine wa bahari za kaskazini, wanaovuliwa kwa makundi ya umbo linalokaribiana. Mashine hupenda samaki wanaofanana. Mbuta anayeruhusiwa kuvuliwa ana urefu wa sentimita 50 hadi 85. Yule mdogo ana takriban kilo moja na nusu, yule mkubwa hupita kilo 6, na wote hufika katika boti moja. Mkataji mzoefu hubadilisha pembe ya kisu bila kufikiri. Mashine itahitaji samaki wapangwe kwanza kwa ukubwa, na wawe wengi kila siku ili upangaji ulipe. Wingi huo ndio hatuna. Viwanda vilivyofungwa havikuuawa na ucheleweshaji wa visu. Samaki ndiye aliyeadimika.

Sasa nifike Obunga, mtaa wa mabanda hapa Kisumu. Kilo 100 za mbuta hutoa takriban kilo 40 hadi 45 za minofu isiyo na ngozi, kutegemea ukubwa wa samaki na mkono wa mkataji. Bondo, kile kibofu cha hewa cha samaki, lina wanunuzi wake na huishia Uchina kwa bei inayoipita mbali ile ya nyama. Kichwa na uti wa mgongo, pamoja na nyama iliyobaki ikiushikilia mfupa, ndio mgongo wazi. Kina mama wa Obunga huununua kutoka viwandani, wakaukaanga kwenye masufuria makubwa kwa mafuta ya samaki huyohuyo, macho yakiwaka kwa moshi, na kutoka hapo unasambaa mitaani na kwenye masoko ya mbali. Familia isiyomudu ngege (tilapia) mzima hula samaki kwa njia hii. Kuna watoto wengi wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta ambao mbuta wanamjua kwa mgongo wake tu.

Hesabu ya mashine hujengwa juu ya kutoa nyama zaidi kwa kila samaki. Tuseme inaongeza asilimia 2 ya uzito wa samaki. Kiwanda kinachopokea tani 10 kwa siku kinapata kilo 200 zaidi za minofu, na mhasibu anafurahi. Ziwani, hata hivyo, haikuongezeka hata kilo moja. Zile kilo 200 zilikuwepo tangu awali, zimeng'ang'ania mfupa, na zilikuwa safarini kwenda Obunga. Kwenye kontena la kwenda ng'ambo ni nyongeza ndogo. Kwenye mgongo, ambao hauna nyama nyingi tangu mwanzo, ni pengo kubwa. Nani atamshushia mama huyu bei kwa sababu mfupa umekonda?

Na mashine haiji peke yake. Nyuma yake hufuata ile inayoubana mfupa kwa mkanda dhidi ya pipa lenye matundu, nyama ikapenya ndani kama kima, yaani nyama ya kusaga, na mfupa ukabaki mtupu. Kima hiyo ina soko zuri. Mfupa mtupu unasagwa kuwa chakula cha kuku, na wasagaji tayari wanashindana na wakaangaji kuupata. Ripoti za mauzo ya nje zitaonyesha tani na dola zimepanda, na zitakuwa zinasema kweli. Sahani ya Obunga haimo kwenye ripoti hizo.

Wapo wanaosema tuache mbuta, mashine ikate ngege wa vizimba. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu samaki wa vizimba huvunwa wakiwa na ukubwa unaofanana, jambo ambalo mashine inalitaka. Lakini ngege akikatwa minofu hutoa takriban theluthi moja tu ya uzito wake. Mlaji wetu anamtaka mzima, na kichwa chake, kando ya ugali. Kwake theluthi mbili zinazotupwa ni chakula. Hata ushindani wa Uchina, ambao ulifanya serikali izuie samaki wa huko kwa muda mwishoni mwa 2018, unakuja sokoni kwetu hasa kwa ngege mzima aliyegandishwa. Mashine ya minofu haimgusi huyo. Anayeweza kumgusa ni mfugaji anayepata chakula cha samaki kwa bei nafuu.

Ninachohofia zaidi ni mkopo. Mashine hununuliwa kwa fedha za kigeni, vipuri vyake hutoka mbali, na benki haingoji msimu mzuri. Kiwanda chenye deni la namna hiyo hakiwezi kukaa kikingoja mbuta wa sentimita 50. Kitanunua wa 40, na wavuvi watamleta, kwa sababu nao wana ada za shule. BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, zinahangaika na nyavu haramu hata sasa, kabla ya shinikizo hilo.

Mashine ninayoweza kuikaribisha bila wasiwasi ni ile ndogo ya kuchuna ngozi: ni rahisi kuitunza, inaokoa nyama inayoondoka na ngozi, na mgongo hauugusi. Fedha zinazobaki ziende kwenye barafu ya fuo za Usenge na Mbita, na kwenye vikaushio vya omena, yaani dagaa, anayeoza kwa marobota kila mvua inaponyesha kwenye fuo zetu. Na kama kuna mwekezaji aliyeazimia kuleta mashine kubwa ya minofu, kaunti isimpe kibali kabla hajakaa na wakaangaji wa Obunga na kuandikiana nao mkataba wa mgongo: kiasi gani kwa siku, ukiwa na nyama kiasi gani, kwa bei ipi, na kwa miaka mingapi.