Ukitaka kuangusha sheria ya maji, anza na Jedwali la Nne

Mifereji ikikauka Nairobi, hakosi mtu wa kusema "twende kortini". Twende, sawa. Lakini kurasa arobaini za kulalamikia mgao, bili na bei ya jerikeni haziwezi kuiangusha Sheria ya Maji ya 2016. Jaji wa Mahakama Kuu ya Milimani haulizwi kama sheria ni mbaya. Anaulizwa, chini ya Kifungu cha 165(3)(d) cha Katiba ya Kenya, kama inagongana na Katiba hiyo, na ataanza kwa kuichukulia kuwa halali mpaka umwonyeshe vinginevyo.

Pa kuingilia ni Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Sehemu ya Pili inazipa kaunti huduma za maji na usafi. Sehemu ya Kwanza inaiachia serikali ya kitaifa ulinzi wa maji na usalama wa mabwawa. Sheria ya 2016 ikapachika katikati mashirika ya kitaifa ya ujenzi wa miradi ya maji, kama lile la Athi. Sasa fuata bomba: maji yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, yanasafishwa Ngethu, yanashuka hadi matangi ya Gigiri, kisha kampuni ya kaunti inayafikisha kwenye mita yako. Mamlaka ya kaunti yanaanzia wapi hapo? Hilo ndilo swali la kikatiba.

Likishapatikana, liandike kwa kipimo. Kanuni ya Anarita, iliyotokana na kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, inataka utaje kifungu cha Katiba, kifungu cha sheria, na jinsi hiki kinavyokanyaga kile. "Sheria yote inahujumu ugatuzi" ni maneno ya jukwaani.

Mji wa Asheville, Marekani, ulilijua hilo. Mwaka 2013 bunge la jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kuupokonya mfumo wake wa maji na kuukabidhi mamlaka ya eneo zima. Mahakama ya juu ya jimbo iliibatilisha Desemba 2016. Kilichoushindia mji ni kifungu kimoja chembamba cha katiba ya jimbo, kinachokataza sheria za sehemu moja tu kuhusu afya na usafi.

Wengi hapa Kenya hukimbilia ushirikishwaji wa umma, yaani kwamba wananchi hawakuulizwa maoni. Ni hoja halali, ila Bunge huja na matangazo ya magazetini na orodha za waliohudhuria, na hoja inalegea. Mimi ningechungulia kwanza Kifungu cha 110(3) cha Katiba: je, maspika wa Bunge la Taifa na Seneti walikubaliana kama mswada unahusu kaunti, na hivyo lazima upite Seneti? Oktoba 2020 majaji watatu walibatilisha sheria 23 zilizoiruka Seneti, ingawa Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo mwaka uliofuata.

Majaji hao walisitisha hukumu yao kwa miezi tisa ili Bunge lijirekebishe. Omba hivyo hivyo. Sheria ya maji ikifa leo saa sita, kesho nani atatoa leseni na kuidhinisha bei? Jaji asiyeona jibu la swali hilo kwenye ombi lako atasita hata pale hoja zako zina nguvu.

Na kama tatizo ni bili yako tu, usiivishe joho la Katiba; utarudishwa kwa mdhibiti wa huduma za maji.

Ukishindwa, siku 14 za kutoa notisi ya rufaa huhesabiwa tangu siku ya hukumu, hata kama nakala yake bado inachapwa.